Tusomewe makato ya bei ya jino kama tunavyosomewa ya korosho

Ndugu Mhariri,

Mwalimu mstaafu wa Lindi aliyeandika kwenye ukurasa huu wiki iliyopita ametupiga vijembe watu wa kliniki za meno, na kimoja kimenipata. Anasema alikwenda kutibiwa jego lililotoboka, kadi ya bima mkononi. Akaambiwa kung'oa atang'olewa muda huohuo kwa kadi, lakini kama anataka jino libaki, mzizi utibiwe kisha lizibwe, asubiri mwezi ujao au atoe fedha taslimu. Akang'oa. Akamalizia barua yake kwa kutuita walafi wenye makoti meupe.

Shikamoo Mwalimu. Koti jeupe mimi sina, lakini kwenye kundi hilo nimo. Ni karani wa madai katika kliniki ndogo ya meno hapa Masasi. Kazi yangu ni kuhakiki kadi, kuomba namba ya idhini, kujaza fomu, kufungasha madai mwisho wa mwezi, halafu kukaa kusubiri nione yapi yamelipwa, yapi yamekatwa na yapi yamerudi na maelezo yasiyoeleza kitu. Madaktari wanajua kwa nini jino linauma. Makarani tunajua kwa nini halikuzibwa.

Alichokiona Mwalimu sikibishii. Hata huku kwetu kinatokea. Nabisha juu ya sababu yake. Ulafi upo, nao nitaufikia, lakini nyuma ya mlango wa daktari ipo karatasi ambayo mgonjwa haioni: orodha ya bei ambazo bima imesema italipa kwa kila huduma. Kung'oa, hiki. Kuziba, hiki. Kutibu mzizi, hiki. Daktari akimaliza kazi halipwi anachodai; analipwa kilichoandikwa pale. Karatasi hiyo ndiyo iliyomng'oa Mwalimu jino, na barua yangu inaihusu hiyo.

Kwanza tuione kazi yenyewe. Kung'oa jego lisilo na ubishi ni sindano ya ganzi, koleo, pamba ya kung'atia na onyo kwamba usisukutue leo. Kwa wingi nusu saa, mgonjwa mwingine anakaa. Kutibu mzizi wa jego ni shughuli nyingine kabisa. Jego la chini kwa kawaida lina mifereji mitatu ndani ya mizizi yake. La juu mara nyingi lina wa nne, mwembamba, ambao daktari anaweza kuutafuta mpaka shingo ikakakamaa. Kila mfereji unapimwa urefu, unasafishwa kwa visindano vyembamba kuliko uzi wa mkeka, unaoshwa kwa dawa, unapigwa picha, unafungwa kwa muda. Mgonjwa anaambiwa arudi. Akirudi (wengine maumivu yakishatulia hawarudi), jino linafunguliwa tena, linajazwa, linapigwa picha nyingine, ndipo linazibwa juu. Kiti kimeshikwa muda wote huo. Visindano vinachakaa na vingine vinavunjika. Umeme ukikatika katikati, kompresa inanyamaza na mafuta ya jenereta yanaanza kuungua.

Sasa chukua bei aliyoandika mlipaji, ugawe kwa dakika ambazo kiti kimeshikwa. Nimefanya hesabu hiyo kwa zaidi ya orodha moja, na sitataja ni ya nani. Zipo ambamo dakika ya kung'oa inalipa vizuri kuliko dakika ya kuokoa jino. Hapo daktari hahitaji kuwa mwovu. Akishakopa benki kununua kiti, mkono utaelekea kwenye koleo wenyewe. Na si Masasi tu: matibabu ya meno nchini kwa sehemu kubwa ni kung'oa, na ingawa wagonjwa wengi huja jino likiwa limeshafika pabaya, bei nayo ina mchango wake.

Watu wa bima nao wana lao la kusema, na nisipolisema mimi nitakuwa mnafiki. Karani anayekaa upande wa pili, anayepokea madai yetu, ameona mengi. Meno yana namba: jego la kwanza la chini kushoto ni 36 popote duniani wanakotumia mfumo huu. Hivyo ni rahisi kukamata uongo. Katika kazi hii nimesikia, tena kwa wenzetu wenyewe wakicheka, juu ya jino lililong'olewa mara mbili kwenye karatasi, na juu ya jino lililozibwa wiki mbili baada ya kung'olewa. Wapo wanaoandika eksirei ambayo mashine yake iliharibika mwaka jana. Mtu wa namna hiyo akishapita, sote tunaolipwa baada yake tunakaguliwa kama wezi, madai yanachelewa, na mlipaji anapopanga bei mpya anaacha nafasi ya wizi ndani yake. Kwa hiyo Mwalimu akituita walafi, wapo ninaoweza kumwonyesha kwa kidole.

Mfuko wa bima wenyewe pia ni chungu kimoja. Tuchukue ule mkubwa, NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaweka asilimia 3, na kadi inabeba mchangiaji, mwenza na wategemezi mpaka wote wafike sita. Sita wakiwa watu wazima, hayo ni meno 192 juu ya mshahara mmoja, na bado hatujagusa figo, sukari wala uzazi. Ukimwambia mtu wa hesabu za bima aongeze bei ya kutibu mzizi, atakuuliza apunguze wapi. Swali ni la haki. Linalonikera ni kwamba majibu yake hupatikana chumbani, na sisi tunaletewa namba tu.

Basi namba hizo hupatikanaje? Nimekuwa nikisoma jinsi nchi nyingine zinavyofanya, maana jioni Masasi, umeme ukiwapo, mimi si mtu wa tamthilia.

Marekani, kampuni nyingi za bima ya meno hupanga kwa kuangalia madaktari wa eneo fulani wanatoza kiasi gani. Chukua kliniki kumi za mji mmoja, zipange kwa bei ya kuziba jino kutoka ndogo hadi kubwa, kisha useme tutatambua bei ya ile ya nane kutoka chini. Anayetoza chini ya hapo analipwa kwa bei yake. Anayetoza juu, bima inahesabu mpaka pale, na kama daktari hana mkataba na bima hiyo, tofauti inatoka mfukoni kwa mgonjwa. Mwingine atakata kwenye ya sita au ya tano, na mgonjwa hatajua mpaka bili imfikie. Wanao na ujanja mwingine: jego likizibwa kwa dawa nyeupe, bima inaweza kulipa kana kwamba limezibwa kwa ile ya rangi ya fedha, iliyo rahisi. Juu ya yote wanaweka ukomo wa mwaka, mara nyingi kati ya dola 1,000 na 2,000, ukiisha umeisha. Na Medicare, bima ya serikali yao kwa wazee tangu 1965, matibabu ya kawaida ya meno haiyagusi. Nilipomsimulia mama yangu, akaniuliza kama wazee wa kule hawana meno.

Njia hiyo ya kupanga kliniki kwa foleni ina tatizo moja kubwa: nani anaiandika foleni? Hadi 2009 kampuni nyingi za bima za huko zilitegemea takwimu za Ingenix, na Ingenix ilikuwa mali ya UnitedHealth, kampuni ya bima. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York wakati huo, Andrew Cuomo, alichunguza, akasema takwimu zile zilipunguza bei halisi za kumwona daktari, mahali pengine kwa hadi asilimia 28. UnitedHealth ikakubali kutoa dola milioni 50 kuanzishwe hazina ya takwimu isiyo chini ya kampuni yoyote ya bima, ikaitwa FAIR Health, na dola milioni 350 nyingine zikaenda kumaliza kesi ya waliopunjwa. Leo mgonjwa yeyote anaweza kuingia kwenye tovuti yao akaona kung'oa jino mtaani kwake kunakadiriwa kugharimu kiasi gani.

Hapa ndipo mtu wa Kusini anapoelewa haraka, maana sisi ni watu wa korosho na mizani tunaijua. Mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kijijini nje ya mnada, anakuja na kipimo chake, bei yake, na haraka yake. Mnadani ni kingine. Bei inatangazwa hadharani. Msimu wa 2024 ulipofunguliwa, kilo ilipita shilingi 4,000 na kijiji kizima kilijua kabla ya jua kuzama. Halafu yanasomwa makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ushuru wa halmashauri, ghala, usafiri, gunia. Mkulima wa Chiungutwa ambaye hajawahi kuona kikokotoo anaweza kukwambia kila kilo imeachia shilingi ngapi na kwa nani. Atalalamika, atamtukana katibu wa AMCOS, yaani hicho chama cha msingi, lakini analalamika akijua anacholalamikia. Kuhusu bei ya kuziba jino hatujasomewa makato hata siku moja. Ndani yake kuna kiasi gani cha daktari? Cha dawa? Cha umeme? Cha kusafirisha mzigo kutoka Dar es Salaam? Kiti kimehesabiwa kitadumu miaka mingapi? Hakuna anayetusomea.

Hilo linawezekana kufanyika, na limeshafanyika. Medicare hiyohiyo isiyotibu meno, tangu 1992 inalipa madaktari wake kwa pointi. Kazi ilitokana na utafiti wa William Hsiao na wenzake wa Harvard: kila huduma ikapimwa kwa muda na ugumu wa kazi ya daktari, gharama za kuendesha kliniki, na gharama ya bima ya daktari mwenyewe akishitakiwa. Kila kimoja kati ya hivyo vitatu kinarekebishwa kulingana na eneo, kwa kuwa kuendesha kliniki mjini na shamba si sawa. Mwisho jumla inazidishwa kwa kiasi cha fedha kilichotangazwa. Ina ubaya wake. Kamati inayopendekeza pointi imejaa mabingwa, na wanaosema mabingwa wamejipendelea kuliko daktari wa kawaida anayekaa na mgonjwa kuzungumza hawajakosea. Lakini karatasi iko wazi. Ukitaka kugombana, unagombana na namba unayoiona.

Uingereza nao wana somo, tena la meno moja kwa moja. Mwaka 2006 walibadilisha mkataba wa madaktari wa meno wa huduma ya umma, wakaweka makundi matatu. Uchunguzi, pointi 1. Kuziba, kung'oa na kutibu mzizi, vyote pointi 3. Meno bandia na kofia za meno, pointi 12. Soma tena hapo katikati. Daktari aliyeziba jino moja alipata 3, aliyeziba matano kwa mgonjwa yuleyule alipata 3, na aliyehangaika na mifereji minne ya jego naye 3. Unadhani mgonjwa mwenye mdomo ulioharibika alipokewa kwa furaha? Ilichukua mpaka 2022 ndipo wakapandisha: meno matatu na kuendelea yakawa pointi 5, mzizi wa jego pointi 7. Miaka kumi na sita. Kama nchi yenye fedha zile iliweza kukosea hivyo na kukaa na kosa muda wote huo, sisi tunaoelekea kwenye kitita kimoja cha msingi, yaani orodha moja ya huduma na bei zake, kwa nchi nzima tuchungulie kabla ya kuruka.

Maana tunakokwenda ni huko. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kaka yangu wa Nanyumbu, ambaye bima yake imekuwa ya CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii uliokuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, naye ataingia humo na wanawe. Siipingi hata kidogo. Huku kwetu mtu asiye na bima huja kwa msimu. Oktoba mpaka Januari, fedha za korosho zikishaingia, benchi letu linajaa watu waliokuwa wakisukutua maji ya chumvi tangu masika, na meno ambayo Aprili yangezibwa, Novemba ni ya kung'oa. Kadi ya mwaka mzima ingewaleta mapema. Lakini wakija mapema wakakuta bei inayoelekeza kwenye koleo, tutakuwa tumewawahisha kung'olewa.

Kitita cha NHIF kilichokuwapo kilikuwa cha 2016, na kipya kikaanza kutumika Machi 1, 2024. Wasomaji wanakumbuka kilichotokea. Chama cha watoa huduma binafsi, APHFTA, kilisema bei hazibebeki, baadhi ya hospitali kubwa za Dar es Salaam zikatangaza kusitisha kupokea kadi, na baada ya siku chache za mazungumzo mambo yakatulia. Magazeti yaliandika sana habari za foleni za Dar. Sisi huku hata kugoma tusingeweza. Mgonjwa wa Newala akifungiwa mlango Masasi, anayefuata yuko wapi? Mtwara mjini, kilomita zaidi ya 100, nauli na siku nzima imekwenda.

Kilichonishangaza mimi kwenye mvutano ule ni kwamba pande zote mbili ziligombana juu ya namba za mwisho. Huyu anasema imeshuka, yule anasema imepanda, na mimi nilitafuta kila gazeti lililofika hapa nisione hata mstari mmoja unaosema kuziba jego kumehesabiwa hivi: ganzi kiasi hiki, glavu, dawa ya kuzibia, dakika kadhaa za daktari na msaidizi, kuchemsha vifaa, pango. Miaka nane kati ya vitita viwili pia ni mingi mno. Mwaka 2016 dola ilikuwa inakaribia shilingi 2,200. Mwanzoni mwa 2024 ilishapita 2,500. Dawa za kuzibia hazitengenezwi Mtwara. Ganzi haitengenezwi Mtwara. Hata kile kioo kidogo cha mdomoni kinakuja kwa meli. Bei ya shilingi ikisimama pale pale miaka nane wakati dola inapanda, kuna mtu analipa tofauti, na mara nyingi ni jino la mgonjwa.

Halafu kuna umbali. Bei za kitita zimepangwa kwa ngazi ya kituo: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, kanda, taifa. Ni sawa, bingwa wa kanda hawezi kulipwa kama mganga wa zahanati. Lakini ngazi haisemi kituo kiko wapi. Kliniki ya Kariakoo inayoishiwa ganzi inamtuma kijana kwa bodaboda, kabla chai haijapoa amerudi. Sisi tunapiga simu, tunatuma fedha, mzigo unapakiwa kwenye basi, tunalipia, tunakwenda kuupokea stendi usiku. Kiti kikiharibika, fundi anatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na anakuja na bei ya nauli, malazi na posho, awe amebadilisha mpira wa shilingi elfu chache au mota nzima. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga wilayani Kilwa, kilichokuwa na haraka kilizungushwa kwa Songea na Tunduru. Nani aliweka hilo kwenye bei? (Gesi yetu ya Mnazi Bay ilijengewa bomba mpaka Dar es Salaam mwaka 2015, inafika bila kulala njiani. Sisemi zaidi, Mhariri, usije ukanikata.)

Najua jibu la kawaida: Dar pango ni ghali na mishahara ni mikubwa, kwa hiyo Kusini mnafaidi. Pango kwetu ni nafuu kweli, sikatai. Mshahara sina hakika. Daktari wa meno kumleta Masasi na kumfanya akae kunahitaji umlipe apate cha kuwaacha wenzake mjini. Ndiyo maana nataka hesabu iandikwe. Inawezekana ikiandikwa tukakuta sisi tunastahili pungufu kwenye pango na zaidi kwenye mzigo na fundi, mwisho tofauti ikawa ndogo. Nitakubali. Hata ile foleni ya kliniki kumi ya Wamarekani, mtu akitaka kuileta hapa, atakwama: wilaya ya Nanyumbu atazitoa wapi kliniki kumi za meno za kupanga? Ataishia kuchukua za Dar na kutuandikia sisi. Kwa hiyo kwetu njia inayofaa ni ya kuhesabu gharama halisi, kwa kupita kwenye vituo, vya serikali, vya misheni na vya binafsi. Waende Ndanda, waende Nyangao, waende Ligula, waje na kwetu. Vitabu vyangu viko mezani, risiti za mabasi nimezibana na pini.

Wakishahesabu, waandike na sababu. Kama wameamua kuziba jino kulipwe vizuri kuliko kung'oa, waseme. Kama fedha haitoshi na wameamua mizizi ya magego isubiri, waseme hivyohivyo, kwa Kiswahili, kwenye karatasi inayobandikwa ukutani mapokezi, ili Mwalimu akija anisomee mimi badala ya mimi kumwambia "bima yako hairuhusu", maneno ambayo nimeyasema mara nyingi mpaka nimeyachoka. Kwa maoni yangu waanzie kwenye kuziba tobo dogo. Ni kazi ya kiti kimoja, vifaa vyake vinajulikana, na ukiilipa vizuri unazuia mzizi wa kesho na koleo la kesho kutwa. Meno ya watoto nayo yaandikwe kwa bei yake; mtoto wa miaka sita anayelia anakula muda wa wagonjwa wawili, na jego lake la kwanza la ukubwani ndilo hilo linaota, halioti jingine. Na tarehe ya kupitia bei iwe ya kudumu, kila mwaka, ijulikane kama bajeti inavyojulikana Juni.

Bibi yangu mzaa mama, Mmakonde wa Newala, alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa yakachongoka, urembo wa enzi zao, na alikufa nayo karibu yote. Aliyemchonga alilipwa kuku. Huyo walau alijua analipwa nini kabla hajashika patasi.

Kwa Mwalimu: jino limekwenda, pole sana. Jirani yake wa nyuma aangaliwe mapema, maana mabaki ya chakula sasa yatajikusanya pale kwenye pengo. Ukipita Masasi karibu kliniki, nitakuonyesha orodha yenyewe na utaniambia wewe ungeng'oa au ungeziba. Ulifundisha hesabu, nimeona kwenye barua yako.

Na kwa wale watakaotumwa kukusanya maoni ya bei za kitita cha msingi, ombi langu ni dogo. Waje Kusini wenyewe, wasituite Dodoma. Wapange kati ya Februari na Septemba. Wakija msimu wa korosho waangalie ratiba ya minada ya vyama vyetu vikuu vya korosho, MAMCU na TANECU, kwanza, kwa sababu wakiitisha mkutano siku ya mnada watakaa na mwenyekiti wa kijiji peke yake, naye atakuwa anaangalia simu.

Ni mimi,
Karani wa madai, kliniki ya meno, Masasi, Mtwara
(Jina na anwani nimemwachia Mhariri)